Ukungu Kwenye Kioo cha Mama Heri

Daktari wa macho aliyempima Mwanahamisi alikuwa mgeni wa baridi. Alivaa koti juu ya koti na bado alikuwa akipuliza viganja. Alimmulika mboni kwa kitochi chake, akaandika aliyoyaandika, akampa dawa ya matone, kisha akamwambia maneno aliyodhani ni mepesi kueleweka: "Mama, hii ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki tunaweza kukilinda. Ukiona ukungu tu, usikae nyumbani. Njoo mara moja."

Mwanahamisi aliitikia kwa adabu. Alipotoka nje akacheka peke yake mpaka mlinzi wa getini akamgeukia. Mtu wa Magamba anaambiwa akiona ukungu aende hospitali! Magamba ukungu unashuka kutoka msituni kabla chai haijachemka, unaingia jikoni bila kupiga hodi, unalala juu ya nguo zilizoanikwa na unaondoka saa unayotaka wenyewe. Kwa agizo lile, kitongoji kizima kingehamia wodini. Alimsimulia mumewe, Idrisa, naye akacheka, wakalimaliza jambo lile kwa kicheko. Hapo ndipo walipokosea, lakini tusiwalaumu mapema.

Mwanahamisi ni mwanamke wa kufuma. Alizaliwa Mtae, kule ukingoni mwa milima, ambako barabara ni ndefu na mbovu kiasi kwamba mgeni akifika anapewa chai kwanza, maswali baadaye. Huko ndiko mama yake mdogo alikomfundisha kushika sindano. Sasa ni mtu mzima, mwanawe Heri anajitegemea huko Tanga, na nusu ya watoto wanaopita barabara ya Magamba asubuhi wamevaa kazi ya mikono yake. Huku kwetu mtoto anaweza kwenda shule bila viatu, ila bila sweta atarudi kabla kengele haijagongwa. Mwili wa sweta anaufuma kwa mashine. Nembo ya shule, ile inayokaa kifuani, anaifuma kwa mkono, kitanzi kwa kitanzi, na hapo ndipo anapojidai. Wapo wafumaji wanaochukua nembo ya kitambaa wakaibandika juu ya sweta na kuita kazi. Mwanahamisi akiwaona hana la kuwaambia, anawasalimia tu na kupita.

Idrisa ni fundi redio mjini Lushoto, ana kibanda karibu na soko. Walijuana kwa redio. Mwanahamisi, msichana wakati ule, alikuja mjini kukaa kwa baba yake mkubwa, akatumwa kibandani kupeleka redio ya mzee iliyokuwa ikikatakata sauti. Idrisa akaisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ina ugonjwa wa vipindi, ugonjwa mgumu, arudi wiki ijayo. Akarudi. Ugonjwa bado. Akarudi tena. Mwishowe mzee akauliza ni redio gani hiyo inayotibiwa kuliko binadamu, na jibu likaletwa na mshenga. Miaka yote ya ndoa Mwanahamisi amekuwa akimuuliza mumewe redio ile ilikuwa na ugonjwa gani hasa, na Idrisa hujibu kwamba mambo ya ufundi ni marefu.

Macho yalipoanza kumsumbua, hakuweza tena kunakili nembo kutoka kwenye simu. Walimu wakuu wanapiga picha ya karatasi, wanaituma, nayo kwenye simu inakuwa ndogo kama kucha. Idrisa alianza kurudi nyumbani na vyuma. Kasha la kompyuta alilipata kwenye ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Kioo, monita kubwa ya zamani, kilitoka kwenye duka la intaneti lililofungwa baada ya kila mtu kununua simu yake. Matumbo ya kasha aliyakusanya kidogo kidogo kwa mafundi wenzake, hiki kimoja kwa huyu, kile kwa yule, akaviunganisha mezani usiku na mchana wa Jumapili kama mtu anayepika pilau la harusi. Ilipowaka, akaweka picha ya nembo, akaichorea miraba juu yake, mraba mmoja kitanzi kimoja, akaikuza mpaka kila mraba ukawa mkubwa kama punje ya hindi. Mwanahamisi aliona tena. Alihesabu kwa sauti, akageuka, akamwambia mumewe, "Baba Heri, Mungu akupe unachotaka." Idrisa akasema anataka chai.

Kwenye nyumba ya Mwanahamisi hakuna kitu kinachokaa uchi. Jagi lina kitambaa, makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi umefumiwa kofia. Kompyuta nayo ikapata chake: kitambaa cheupe chenye pindo la maua, kikatandikwa mezani na kioo kikawekwa juu yake. Kilipendeza. Na kioo kikawa kinateleza vizuri, ukikivuta kinakuja, ukikisukuma kinakwenda.

Idrisa alikuwa akikisukuma. Alisikia mahali kwamba kukaa karibu na kioo kunaharibu macho, na kwa macho ya mkewe hakutaka kubahatisha. Kila akipita pale mezani, aende kuchukua kofia au kutafuta miwani, mkono wake ulikisogeza kioo ukutani taratibu, bila neno. Akishatoka, Mwanahamisi alikivuta kwake kidogo ili aone, naye bila neno. Mke na mume wa muda mrefu wana mambo mengi ya namna hiyo, ambayo hayazungumzwi kwa sababu hayaonekani kama ni mambo.

Masika ndipo ukungu ulipoingia kwenye kioo. Alikuwa anafuma nembo ya shule moja ya bondeni: kitabu kilichofunguliwa na njiwa mweupe juu yake. Akiwa katikati ya bawa, miraba ikafifia. Mistari ikajirudia, kila mmoja na kivuli chake pembeni, weupe ukachujuka, kitu chote kikawa kama kinatazamwa kupitia maziwa. Mwanahamisi akafumba macho, akafumbua. Bado. Akageukia dirisha apate kitu kingine cha kupimia macho, akaona weupe mtupu. Ilikuwa Magamba, na ilikuwa masika. Dirishani ungeona nini zaidi? Aliporudisha macho kwenye kioo na kukipangusa kwa upindo wa khanga, picha ilikuwa imerudi.

Siku iliyofuata ikatokea tena. Kisha ikakaa siku kadhaa bila kutokea, akaanza kumshukuru Mungu, ikatokea.

Hapa lazima niseme alichokiogopa, maana hakuwa mwoga wa ovyo. Bibi yake mzaa baba kule Mtae alipofuka, na aliyekuwa akimshika mkono ni yeye Mwanahamisi, mtoto wa shule. Alimpeleka shambani, alimpeleka msibani, alimpeleka chooni. Alimpenda bibi yule. Lakini alikumbuka jinsi watu walivyokuwa wakimsalimia mtoto na kumuuliza, "Bibi anaendeleaje?" na bibi mwenyewe amesimama palepale, anasikia. Giza hakuliogopa sana. Aliogopa siku ambayo watu watamuuliza Idrisa, "Mama Heri anaendeleaje?" na yeye amesimama palepale.

Ndiyo maana hakwenda hospitali. Aliona kwamba kwenda ni kwenda kuambiwa, na asiyeambiwa bado ana macho.

Mara moja alijaribu kusema. Idrisa alikuwa amekaa kwenye kochi anabangua karanga, picha ikafifia mbele ya mkewe, naye Mwanahamisi akavuta pumzi, akakusanya ujasiri wote aliokuwa nao, akasema: "Baba Heri, ukungu umeingia."

Idrisa akaweka karanga chini, akainuka, akafunga dirisha.

"Afadhali," akasema, na katika kupita akakisukuma kioo ukutani. "Utashikwa na mafua hapo." Picha ikawa safi. Mwanahamisi akatazama mgongo wa mumewe, akaona hawezi kuanza upya. Akaendelea kuhesabu vitanzi.

Sweta la kwanza la njiwa lilipokamilika, akamwonyesha. Idrisa akalishika mbali, akalishika karibu, akaangua kicheko. "Mama Heri! Huyu ni njiwa au kifaranga?"

"Kifaranga cha nini?"

"Ni wa njano huyu! Mwalimu mkuu atasema shule yake imekuwa banda la kuku."

Alikuwa akitania tu, kama anavyotania siku zote, na siku nyingine Mwanahamisi angemjibu la kumkomesha. Safari hii alilipokea sweta, akaenda nalo mlangoni penye mwanga. Ni kweli. Kwenye kioo aliona rangi ya njano, akachukua uzi wa njano, na wala hakusita. Idrisa akaona uso wake, akaacha kucheka. "Natania, mke wangu. Fumua hicho kifua tu, si kazi kubwa."

"Hicho kioo ni kizima?" Mwanahamisi aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

Idrisa ni fundi, huwezi kumuuliza swali kama hilo akalipita. Akakaa kwenye kiti, akakisogeza kioo ukutani, akakitazama. Akafungua picha, akaifunga, akafungua nyingine. Njiwa alikuwa mweupe pe. Akagonga kasha kwa kidole, akatega sikio, akaridhika. "Kizima kabisa," akasema kwa fahari. "Hiki kitatuzika." Mwanahamisi akasema alhamdulillah, akaenda jikoni, na huko akamwaga machozi juu ya viazi alivyokuwa akimenya. Basi ni mimi, alijiambia. Kioo kizima, mbovu ni mimi.

Jirani yao Yusta ndiye aliyemwokoa, naye hakujua anaokoa. Yusta ni Mlutheri mwenye bustani ya peasi na karoti ng'ambo ya kijito, mdogo kwa Mwanahamisi kwa umri, mwingi wa maneno. Alikuja alasiri moja na kikapu.

"Hodi humu! Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, Yusta. Onga mshi."

"Niwedi, dada yangu," Yusta akaitikia salamu ya kilugha. "Nimekuletea peasi, ni za mwisho hizi, usiseme nilikuficha." Akaja mpaka mezani, akasimama nyuma ya kiti, na kwa vile hakuna kitu Yusta anachokiona akanyamaza, akasema, "Mbona njiwa wenu ameugua homa ya manjano?"

Mwanahamisi aliganda na sindano mkononi. "Unasemaje?"

"Huyo kwenye kioo. Wa njano, halafu wako wawili wawili, mmoja yuko nyuma ya mwenzake."

"Unamwona wa njano? Wewe, Yusta, kwa macho yako?"

"Sasa nimwone kwa macho ya nani?"

Mwanahamisi alisimama, kikapu kikapinduka, peasi zikabingirika chini ya kochi, naye akamkumbatia Yusta kwa nguvu akimsukasuka huku na huku, anacheka na kulia. "Kimeharibika!" alisema. "Ee Mola wangu, kimeharibika! Yusta, kioo kimeharibika!" Yusta, ambaye redio yake ilipoharibika alinuna wiki nzima, aliokota peasi zake akiwaza kwamba labda baridi imemwingia dada wa watu kichwani.

Sijapata kusikia mtu mwingine aliyepokea ubovu wa kompyuta kwa furaha kama ile. Idrisa aliporudi alikuta pilau. Aliposimuliwa, naye alifurahi kwa namna yake, maana fundi akiambiwa kitu kimeharibika ni kama mwindaji kuambiwa kuna nyayo.

Akaanza. Kwanza alifungua kasha, akapuliza masizi ya jikoni yaliyokuwa yamejaa humo, akatoka mweusi mpaka nyusi. Akachomoa ramu, vile vibao vya kumbukumbu, akazisugua meno yake kwa ufutio wa shule, akazirudisha. Akachomoa kadi ya picha, akaifanyia hivyohivyo. Kila alipomaliza jambo moja aliwasha, akakisogeza kioo vizuri ukutani, akatazama: picha safi. Akasema tumepona. Kesho yake mkewe akamwambia hatujapona. Akashuku umeme, ambao kwa Magamba kuushuku si dhambi, akaleta kifaa cha kuutuliza. Picha safi mbele yake. Mbele ya mkewe, kifaranga. Akabeba kioo kwenye gunia mpaka kibandani kwake, akakiunga na kompyuta nyingine, kikawaka siku nzima bila kukohoa. Akabeba kasha, nalo likamaliza siku bila shida. Vyote viwili vizima, na vikirudi nyumbani vinaugua.

"Ugonjwa wa vipindi," alisema, akijikuna kichwa.

"Nirudi wiki ijayo?" Mwanahamisi akamuuliza, na walicheka mpaka chai ikapoa. Alikuwa mwepesi siku zile. Hata matone ya macho alianza kuyasahau.

Idrisa ana kanuni moja ya kazi: hakishiki kitu ambacho hajakiona kikiharibika. Sasa aliikumbuka, akajiona mjinga. Muda wote amekuwa akitengeneza jambo ambalo hajalishuhudia hata mara moja. Basi asubuhi moja hakwenda kibandani. Aliweka kigoda nyuma ya kiti cha mkewe, akakalia.

"Wewe fuma," alimwambia. "Fanya kama sipo. Mimi leo sigusi kitu."

"Utaweza?"

"Nimekalia mikono."

Kweli alikuwa ameikalia. Mwanahamisi akafungua picha ya njiwa, akaanza. Mwanzoni aliona haya, kama msichana anayetazamwa kisimani. Hakukumbuka mara ya mwisho ambapo mumewe alikaa tu akamtazama anafanya kazi. Kisha vitanzi vikamchukua. Alihesabu, akafuma, akapoteza mraba, akanyoosha mkono akavuta kioo kidogo. Akafuma tena. Bawa lilimsumbua, akavuta tena. Nyuma yake alisikia Idrisa anavuta pumzi, na hakusikia akiitoa. Akavuta mara nyingine, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, na hapo ukungu ukaingia. Njiwa akawa wa njano, akapata mwenzake nyuma.

"Si huyo!" Mwanahamisi akasema kwa ushindi. "Umemwona? Baba Heri, umemwona?"

Mkono wa Idrisa ulipita begani kwa mkewe, ukaenda nyuma ya kioo, ukasukuma kitu. Njiwa akarudi mweupe. Akakivuta tena kidogo kwa kidole kimoja, njiwa akawa wa njano.

"Ni waya," alisema. Lakini hakuisema kama fundi aliyeukamata ugonjwa. Aliisema polepole, akitazama meza. "Waya ni mfupi, na skrubu zake za pembeni zilipotea, nikasema nitazitafuta, sikutafuta. Ukivuta kioo, unachomoka upande mmoja. Rangi moja inapotea, picha inafanya vivuli."

"Basi si nilisema ni mashine!"

"Ni mashine," Idrisa alisema. "Mama Heri, zamani ulikuwa unakivuta mpaka wapi?"

Ndipo naye alipotazama. Kitambaa chake cheupe, alichokitandika katikati ya meza, kilikuwa kimekuja chote na kioo. Pindo la maua halikuwa tena juu ya meza. Lilikuwa limemlalia mapajani, na yeye hakujua ni tangu siku gani. Waya nyuma yake ulikuwa umekaza kama uzi wa sweta linalobana kwapa. Aliuona waya, akaliona pindo, akaelewa kila kitu kwa mara moja, na ile furaha yote aliyoipata kwa Yusta ikamtoka. Kioo kilikuwa kinaharibika kwa sababu alikivuta. Alikivuta kwa sababu alikuwa haoni.

"Tangu lini?" Idrisa aliuliza.

"Tangu masika."

"Na hukuniambia."

"Nilikwambia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikwambia ukungu umeingia."

Idrisa alitafuta siku hiyo kichwani, akaipata. Karanga, kochi, baridi. "Nikafunga dirisha," alisema.

"Ukafunga dirisha."

Alitoka kwenye kigoda akaketi chini, sakafuni, mwanamume mzima, akashika lile pindo la maua lililokuwa mapajani mwa mkewe. "Na kila nikipita nakisukuma," alisema. "Nilijua nakulinda macho. Kumbe nilikuwa nakunyang'anya."

"Hukujua."

"Nimekaa na wewe humu ndani, Mama Heri. Nilitakiwa nijue."

Hapo Mwanahamisi akalia, na akasema yote. Akasema habari za bibi yake wa Mtae na mkono wa mtoto, na watu wanaosalimia aliye pembeni. Akasema hataki kuwa mzigo wa kuongozwa. Idrisa alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akafuta uso kwa kofia.

"Redio ya baba yako mkubwa," akasema.

"Imekuwaje?"

"Ilikuwa nzima. Niliitengeneza siku uliyoileta, ukiwa bado hujafika sokoni. Nilikurudisha na kukurudisha ili siku moja nikupe ile redio mkononi nikuguse vidole." Alikohoa. "Sasa wewe unaniogopesha kwamba nitakushika mkono? Mimi?"

Mwanahamisi alicheka huku anapenga kamasi kwenye khanga. "Nilijua," alisema. "Nilijua toka siku ile, mwongo mkubwa wewe."

Wakaenda hospitali kesho yake, kabla ukungu haujainuka. Daktari safari hii alikuwa mama mmoja mwenyeji wa milimani, hakuwa na koti. Alipima presha ya macho, ikawa juu. Akabadilisha matone, akaongeza na vidonge, akasema kuna kipande kimekwenda na hakitarudi. "Umechelewa kidogo, mama," alisema. "Hukuchelewa kabisa. Daktari aliyekuona mwanzo hakukwambia, ukiona ukungu uje?" Mwanahamisi na Idrisa wakatazamana. Daktari akawatazama wote wawili, akatikisa kichwa. "Basi kwa watu wa Magamba nitakuwa nasema neno jingine," akasema, na akaandika tarehe ya kurudi kwa herufi kubwa.

Siku ya pili yake Idrisa alirudi kutoka kibandani na waya uliozungushwa begani kama kamba ya kufungia ng'ombe. Aliuunganisha kwa uangalifu, akakaza skrubu mbili mpya za pembeni mpaka mwisho, akaupitisha nyuma ya meza na kuukunja mikunjo mingi sakafuni. Kisha akamwita mkewe akae.

"Vuta," akamwambia.

Mwanahamisi akakivuta kioo kidogo, kwa woga.

"Vuta, mke wangu. Upo mwingi."

Akavuta, na kitambaa chake chini ya kioo kikaja, maua na yote. Idrisa hakukisukuma. Alisimama pembeni, mikono nyuma, anaangalia waya unavyojikunjua sakafuni mkunjo mmoja mmoja. Kioo kikafika ukingoni mwa meza, kikafika mbele ya pua ya Mwanahamisi, na njiwa akakaa palepale, mmoja, mweupe. Waya ulikuwa bado una mikunjo.

"Umeacha wa kufika wapi?" Mwanahamisi aliuliza.

"Popote utakapotaka kuvutia."

Mwanahamisi alichukua sindano, akachagua uzi mweupe, akaupeleka karibu na jicho kuhakikisha, akaanza kuhesabu vitanzi vya bawa. Idrisa akarudi kwenye kochi na karanga zake. Wakakaa hivyo mpaka chumba kikaanza kuwa na ubaridi na mbao za dirisha zikalowa.

"Baba Heri," Mwanahamisi akasema bila kuinua uso, "ukungu umeingia."

Idrisa akaweka karanga chini. Hakwenda dirishani. Alikuja mpaka kwenye kiti, akachuchumaa, akauangalia uso wa mkewe kwa karibu.

"Ukungu wa wapi?" aliuliza.

Mwanahamisi akatazama kioo, akatazama mikono yake, akamtazama mumewe aliyekuwa akisubiri jibu.

"Wa nje," alisema. "Funga dirisha."

Ndipo akaenda kulifunga.